Jino la Chuma Lililobaki

Binti yangu ana miaka kumi na mmoja, na mpaka juzi nilijua amebakiwa na jino moja la chuma. Yalikuwa matatu. Mawili yameshatoka, na mara zote mbili mimi mama yake nilikuwa wa mwisho kujua. La kwanza nililipata mfukoni mwa sketi yake ya shule siku ya kufua, limefungwa kwenye karatasi ya daftari. La pili lilitoka akiwa kwa nyanya yake kule Dundori, nikaambiwa baada ya wiki nzima, tena kwa bahati tu. Lilikuwa limebaki moja, gego la chini upande wa kushoto, na mwaka huu wote nilikuwa nikiomba kitu kimoja: siku likianza kutikisika, aniambie mimi kwanza.

Najua kuna mtu atacheka. Jino la mtoto ni nini, si litatoka tu? Na mimi nilikuwa nasema hivyo hivyo. Wacha nieleze ilivyokuwa, kwa sababu mambo haya niliyaharibu mwenyewe, kwa mdomo wangu mwenyewe, na hakuna mwingine wa kulaumu.

Nimezaliwa Nakuru nikakulia Nakuru, na ukiona meno yangu huna haja ya kuniuliza. Maji ya visima vya huku yana madini ambayo hupaka meno rangi ya chai tangu yakiwa bado ndani ya ufizi. Nyumbani kwetu tulikuwa hivyo sote, baba, mama na watoto sita, na hatukujiona na kasoro yoyote. Kasoro nilienda kuonyeshwa shule ya upili, bwenini, huko magharibi mbali na kwetu, wakati msichana mmoja aliniuliza mbele ya wenzake kama kwetu miswaki haijafika. Walicheka. Mimi nilikuwa nimeshika karai la maji ya kuoga, na maji yote yakaishia kichwani kwake. Nilikata nyasi za uwanja wa mpira wiki mbili kwa sababu ya karai hilo, na hata leo sijutii.

Lakini tangu siku ile nilianza kucheka na mkono mdomoni, na nikaanza kujibu kabla sijaulizwa. "Ni maji," nilikuwa nasema. "Si uchafu, ni maji." Niliwaambia wateja, niliwaambia majirani, nilimwambia hata mchungaji aliyetufungisha ndoa, na maskini yeye alikuwa ameniuliza jina la baba tu.

Mume wangu ni mtu wa Dundori, huko juu kwenye baridi na viazi, ambako watu hunywa maji ya mvua na ya chemchemi. Meno yao ni meupe ajabu. Siku ya kwanza nilipopelekwa nyumbani kwao, wote walikuja kunisalimia wakitabasamu, na mimi nilifunga mdomo kama mtu aliyemeza ufunguo. Mama mkwe wangu ni mwanamke mwembamba wa maneno machache, anayekamua ng'ombe wake mwenyewe mpaka leo. Hajawahi kusema chochote kuhusu meno yangu. Hata neno moja. Mimi ndiye niliyekuwa nikingoja aseme, mwaka baada ya mwaka, na mtu akingoja sana kutukanwa, siku moja atasikia tusi mahali ambapo halipo.

Kazi yangu ni ushonaji, sare za shule hasa, kwenye kibanda karibu na soko. Mtoto wangu alikulia chini ya meza yangu ya kukatia nguo. Januari wazazi wakipanga foleni, kila mmoja akitaka ya kwake leo leo, sikuwa na mkono wa tatu wa kumbembelezea mtoto. Nilimpa chupa ya chai ya maziwa, sukari vijiko vitatu, akawa anainyonya polepole kutwa nzima. Akilia, namjazia tena. Wateja nao walimpa peremende kwa sababu alikuwa mtoto mzuri, mwenye mashavu. Hata alipofika miaka mitatu, alikuwa akilala na ile chupa mdomoni, nami nilifurahi kwamba ananipa nafasi ya kumalizia pindo.

Doa la kwanza nililiona mimi. Sitadanganya hapo. Alikuwa anakaribia miaka minne, akapiga miayo mbele yangu, nikaona magego ya nyuma yameanza kuwa ya kahawia. Unajua nilifanya nini? Nilicheka. Nilimbusu nikamwambia, "Haya, na wewe umekuwa mtu wa Nakuru." Kusema kweli nilifurahi kidogo, kwa sababu katika ile familia ya meno meupe nilikuwa nimepata mwenzangu.

Krismasi ya mwaka huo tulipanda Dundori. Siku yenyewe tulikuwa jikoni, wifi zangu wawili wakimenya viazi, mimi nikikaanga vitunguu. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, mjukuu akiwa mapajani, anamlisha kiazi cha kuchemsha. Nikamwona anamwinua kidevu kuelekea kwenye mwanga. Akatia kidole mdomoni mwa mtoto, polepole, kama anavyopapasa kiwele cha ng'ombe mgonjwa.

"Mama mtoto," akaniita, "hebu kuja uone hapa. Huyu ana mashimo. Hapa, na hapa nyuma. Ndiyo maana anatafunia upande mmoja."

Wifi zangu waliacha kumenya wakatazama. Mmoja alitabasamu, na sasa nadhani alikuwa akimtabasamia mtoto, lakini mimi niliona yale meno meupe tu. Moto ulinipanda kutoka miguuni.

"Mama, hayo ni maji!" nikasema. "Ni maji ya Nakuru! Nyinyi huku mnakunywa ya mvua, mnafikiri kila mwenye meno ya rangi ni mchafu. Kama mlitaka mke wa meno meupe, si mngemtafutia mwana wenu hapa hapa?"

Haki ya nani, nilisema hivyo, siku ya Krismasi, sufuria zikiwa motoni. Vitunguu vyangu vikaanza kuungua. Mama mkwe alipangusa kidole chake kwenye leso, akamshusha mtoto chini.

"Haya," akasema. "Mimi nimesema tu nilichoona."

Kesho yake asubuhi tuliondoka, na mume wangu hakunisemesha mpaka tulipofika nyumbani. Hapo ndipo nilipofanya lile ambalo ningelipa chochote kulirudisha nyuma. Nilimkalisha mtoto kwenye kiti nikampiga darasa. "Mtu akikuangalia meno, akuulize, utasema nini?" Hakujua. Nikamwambia, "Sema ni maji." Akasema, "Ni maji." "Tena." "Ni maji." Alikuwa na kasauti kembamba na alikuwa akijitahidi kunifurahisha. Alipokariri vizuri mara tano nilimpa biskuti.

Miezi iliyofuata nilimzuia asipelekwe Dundori. Likizo ya Aprili nilisema ana mafua, likizo ya Agosti nikasema kazi ni nyingi. Baba yake alikuwa akimpigia nyanya yake simu kila Jumapili na kumpa mtoto aongee, naye alikuwa akienda na simu nyuma ya nyumba, akinong'ona. Nilidhani ni mambo ya ng'ombe. Nyumbani alianza kuomba uji badala ya githeri yetu ya mahindi na maharagwe. Alianza kulalia shavu moja. Maji baridi hataki, mkate lazima auloweshe kwenye chai. Nilimwita mtoto wa kudeka, na siku moja nilimchapa kofi la mkono kwa kuacha chakula. Hakulia. Alisema tu, "Samahani, mama."

Januari, shule zikiwa zimefunguliwa na kibanda kimejaa watu, mama mkwe alitokea mbele yangu bila taarifa. Alikuwa ameshuka na gari la kwanza, bado amevaa gambuti zake za kukamulia, na mkononi ana kidumu cha maziwa. Hakunisalimia kwa maneno mengi. Aliniuliza, "Mtoto yuko wapi?"

Nikamwonyesha kwa kidole, chini ya meza. Mtoto alikuwa amelala juu ya vipande vya kitambaa, na alipoinuka niliona uso wake kwa mara ya kwanza siku hiyo. Shavu la kulia lilikuwa limevimba mpaka jicho limekuwa dogo. Nilikuwa nimemvalisha asubuhi gizani nikiwa na haraka, na tangu hapo nilikuwa nikikata vitambaa juu ya kichwa chake.

"Ameniambia Jumapili kwamba jino linapiga kama ngoma," mama mkwe alisema. "Nimengoja mnipigie. Sikuweza kungoja zaidi."

Niliwaacha wateja wangu pale pale, kanda ya kupimia ikiwa bado shingoni, tukaenda.

Daktari wa meno alikuwa dada wa umri mdogo mwenye sauti ya upole, na chumba chake kilikuwa na picha za twiga ukutani. Alimkalisha mtoto kwenye kile kiti kirefu, akamwonyesha kioo chake kidogo, akamuuliza, "Limeanza kuuma lini, mrembo?"

Mtoto alinitazama mimi kwanza. Halafu akamjibu daktari kwa ile sauti ya kukariri: "Ni maji."

"Ati nini?"

"Ni maji. Mama amesema ni maji."

Woi! Nilitamani sakafu ipasuke. Mama mkwe alikuwa amesimama kando yangu, na ninamshukuru mpaka leo kwamba aliangalia zile picha za twiga na wala si mimi. Daktari hakucheka. Aliniita karibu, akawasha taa yake, akanionyesha. Alisema maji ya huku anayajua, yeye mwenyewe amekua akiyanywa. Alisema maji hupaka zaidi meno ya ukubwani, na yanapopaka, jino huwa na rangi tu. "Lakini hapa, mama, ona. Hii ni ncha ya chombo changu, na imeingia ndani. Rangi haitoboi."

Magego manne yalikuwa yameoza. Nikauliza lile swali la wazazi wote wajinga: kwani hayatatoka yenyewe? Akaniambia ya mbele hutoka mapema, lakini magego haya mtoto atayatumia mpaka miaka kumi, kumi na mmoja, hata kumi na miwili. Ndiyo yanayotafuna chakula chake, na ndiyo yanayoshikilia nafasi ya yale yajayo. Likitoka kabla ya wakati, yaliyo jirani huegemea pale, na la ukubwani likija hukuta mahali pake pamechukuliwa.

Lile la shavu lililovimba halikuwa la kuokoa tena. Alipewa dawa ya kutuliza usaha, tukarudi siku ya tano likang'olewa. Alishika kidole cha nyanya yake wakati wote. Mimi nilikuwa nimenyoosha mkono upande wa pili, na mkono wangu ulibaki pale juu ya kiti, mtupu.

Matatu yaliyobaki yalivishwa kofia. Hivyo ndivyo daktari alivyoziita, kofia. Kwanza alipachika vipira vidogo katikati ya meno ili yaachane kidogo, akatuambia turudi baada ya siku chache. Tuliporudi alifungua kisanduku chenye kofia ndogondogo za chuma zilizopangwa kwa saizi, na mimi nikazijua mara moja. Zilifanana na kile kikofia cha chuma ambacho mafundi huvaa kidoleni wakisukuma sindano. Alipima moja ikawa kubwa, akapima nyingine ikakaa. Akaijaza gundi yake nyeupe, akaisukuma juu ya jino, akamwambia mtoto aume pamba kwa nguvu zote. Hakukuwa na mashine ya kutoboa, na hakukuwa na sindano. Uozo wote ulifungiwa ndani ukanyimwa chakula, ndivyo alivyonieleza. Ningemleta wakati nyanya yake aliposema, pengine yote manne yangepona hivyo, kwa dakika chache, bila chozi. Sikumwuliza daktari swali hilo. Alilijibu mwenyewe, kwa upole, akiwa ananawa mikono.

Sasa sikiliza kosa langu la pili, ambalo ni baya kuliko la kwanza, kwa sababu la kwanza angalau nilikuwa sijui.

Mtoto alizipenda kofia zake. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi alikula githeri sahani nzima. Tuliporudi kibandani aliketi juu ya meza badala ya chini yake, na kila mteja aliyeingia alifunguliwa mdomo mpaka koromeo. "Ona! Mimi niko na meno ya chuma! Naweza kuvunja mawe!" Watu walicheka, wakamtania, wakamwuliza kama anaweza kuwakatia misumari. Halafu akaja mama mmoja mwalimu, mteja wangu wa miaka mingi, akatazama yale meno, akanigeukia, akasema, "Aii, kwani yalioza mpaka wapi?"

Hakusema zaidi ya hayo. Lakini mimi nilijiona uchi. Niliona kwamba kila mara mtoto akicheka, atakuwa anawatangazia watu aina ya mama niliyo. Nikamgeukia mtoto nikamkemea, "Funga mdomo! Si kila mtu anataka kuona meno yako."

Aliufunga. Kesho yake mteja mwingine alimtania, naye akacheka, na nikaona mkono wake mdogo unapanda na kufunika mdomo, vidole vimekunjwa kidogo, kidole gumba chini ya kidevu. Hakuna aliyemfundisha. Ni mkono wangu kabisa.

Kwa mama mkwe nilienda kuomba msamaha. Ilinichukua karibu mwaka mmoja. Nilipanda Dundori peke yangu Jumamosi moja, nimepanga maneno yangu yote, na yeye akanipa kisu na beseni la viazi. Nilisema nikiwa namenya, macho chini. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Hayo mimi nilishasahau," akasema. "Wewe ongea na mtoto."

Sikuongea na mtoto. Unamwambiaje mtoto wa miaka sita kwamba ulimfundisha uongo, ukampa biskuti? Nilimshonea gauni lenye marinda badala yake. Nilinunua miswaki, nikaacha chai ya sukari, nikaanza kumpigisha mswaki mwenyewe kila jioni. Na nikaanza kuuliza. "Kuna kitu kinauma?" Asubuhi kabla ya shule, na akirudi, na kabla ya kulala. Miaka yote hii nimeuliza, na miaka yote hii nimejibiwa, kwa adabu, "Hapana, mama." Meno ya ukubwani yamekuja, ya mbele yana ile rangi ya chai, na sasa ni maji kweli. Pale palipong'olewa, jirani liliegemea kama daktari alivyosema, na jino jipya limechomoza kwa ndani, limepinda. Naliona kila ninapomtazama akila.

Ndiyo maana nilikuwa nikilingojea lile gego la mwisho. Nilijiambia kwamba likitikisika na akaja kwangu, akafungua mdomo na kusema, "Mama, angalia," basi kutakuwa na kitu ambacho sikukiharibu chote.

Jumamosi iliyopita alikuwa nami kibandani, ananishonea vifungo. Ana mkono mzuri kuliko wangu nilipokuwa na umri wake. Fundi viatu wa kibanda cha jirani alisema upuuzi fulani kuhusu mteja aliyeleta viatu viwili vya mguu wa kushoto, na binti yangu akacheka. Mkono wake mmoja ulikuwa na shati na mwingine ulikuwa na sindano, kwa hiyo mdomo ulibaki wazi. Nikaona. Chini, upande wa kushoto, palikuwa na pengo, na ndani ya pengo ncha ya jino jipya.

"Lile jino liko wapi?" nikauliza.

"Lilitoka."

"Lini?"

"Ile Jumapili tulienda na baba kwa shosho."

Zilikuwa zimepita wiki tatu. "Na lilianza kutikisika lini?"

"Tukifungua shule." Akafikiri kidogo. "Lilikuwa linauma nikiguza."

Halafu akanisimulia, bila kuulizwa, na uso wake ukafunguka. Alisema yeye na shosho, nyanya yake, walilirusha juu ya nyumba kama kawaida, lakini kwa sababu lilikuwa na kofia yake liligonga mabati likalia kama kizibo cha soda, likabingirika mpaka upande wa pili, na ng'ombe akashtuka akapiga ndoo teke. Shosho alicheka mpaka akaketi chini. Alikuwa akisimulia kwa mikono, sindano ikining'inia kwenye uzi, na nilimwona jinsi anavyokuwa akiwa huko juu. Hapo ndipo nilipopaswa kunyamaza. Ningecheka naye tu, tukaendelea na vifungo.

"Kwa nini hukuniambia?" nikasema.

Alichomeka sindano kwenye shati. Binti yangu si mwongo, na alitafuta jibu la kweli.

"Nilidhani utakasirika."

"Nani? Mimi?" nikasema. "Mimi nikasirike kwa sababu ya jino?" Sauti yangu ilikuwa imeshapanda, naisikia mwenyewe inapanda, na fundi viatu akageuka kutazama. "Ni lini umeniona nikikasirika? Niambie! Ni lini?" Nikapiga meza kwa kiganja, na kopo la vifungo likaanguka.

Aliinama akaviokota kimoja kimoja, akavirudisha kwenye kopo, akaliweka pale lilipokuwa. Halafu mkono wake ukapanda, ukafunika mdomo.